Sura ya Tisa: Lenzi Waliyoiita Mama Mkwe

Luteni Migdalia Arrechea aliuliza swali la ndiyo au hapana, akapewa darasa. Ndivyo ilivyokuwa tangu Jumatano, na leo ilikuwa Ijumaa.

"Picha hii uliipiga kwa Mama Mkwe, au hukuipiga kwa Mama Mkwe?"

Osniel Recio alikuwa amesimama katikati ya studio yake mwenyewe, pingu mikononi, na bado alipata nguvu ya kutikisa kichwa kama mwalimu aliyechoshwa na wanafunzi wa nyuma ya darasa. "Swali lenyewe limekaa upande, ndugu Luteni. Sura ya mtu haibadilishwi na lenzi. Inabadilishwa na umbali."

"Sikukuuliza habari za umbali."

"Ndiyo maana hupati jibu."

Sajenti Wilfredo, aliyekuwa mlangoni akijipepea kwa kofia, alikohoa ili asicheke. Migdalia alimkazia macho mpaka kikohozi kikamwisha.

Mama Mkwe hakuwa mama wa mtu. Ilikuwa lenzi, ya milimita mia na thelathini na tano, nzito kama chupa ya ramu iliyojaa, na wapiga picha watatu wa mji wa Camagüey waliimiliki kwa ubia kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuipata peke yake. Waliiita hivyo kwa kuwa ilitaka ukae nayo mbali. Ukisimama karibu ilikuonyesha kifungo cha blauzi, basi. Ukirudi nyuma, ukarudi tena, ndipo ilipokupa uso wa binti umetulia, pua mahali pake, masikio mahali pake, na pazia la nyuma limeyeyuka kama uji. Kwa picha za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, picha ambazo mama zao huanza kuzipanga mtoto angali kwenye nepi, hakuna aliyetaka kusikia habari za lenzi nyingine. Kwa hiyo walipokezana. Wiki moja kwa mzee Leovigildo, wiki moja kwa Osniel, wiki moja kwa Heriberto, na ugomvi kila inapohama.

Ugomvi wa mwisho mtaa mzima uliusikia. Jumanne jioni Osniel alisimama chini ya dirisha la mzee Leovigildo Varona, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, akipiga kelele kwamba zamu yake imefika na mzee amegoma kuachia. Alisema atakuja kuichomoa mikononi mwake. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, jirani wa chini alimkuta mzee amelala chali mwisho wa ngazi ya studio, kisogo kimepasuka, kamera yake kando yake, na lenzi haipo. Sasa mzee alikuwa hospitalini bila fahamu, na Osniel alikuwa mahabusu bila mtu wa kumwamini ila mama yake.

Osniel alishikilia kwamba asubuhi ile hakutoka nyumbani. Alikuwa akimpiga picha Yanelis, binti wa binamu yake. Binti alisema ni kweli, mama wa binti alisema ni kweli, na Nereida, mama yake Osniel, alisema ni kweli huku akigonga meza. Ndugu watupu. Halafu jana Heriberto Castillejo, mbia wa tatu, akaja kituoni bila kuitwa, ameifunga picha hiyo hiyo ya Yanelis, aliyoiazima kwa mama wa binti, ndani ya gazeti, akaifungua mezani kwa huzuni ya msibani. Alisema watazame pua. Lenzi fupi ingeivimbisha. Uso huu ni wa Mama Mkwe, na asubuhi ile Mama Mkwe alikuwa kwa Leovigildo, basi Osniel alimpata wapi?

Mwendesha mashtaka Zaldívar aliipenda hoja hiyo kupita kiasi. Alikwisha piga simu kusema gari la gereza la mkoa linaondoka alasiri hii na Osniel atakuwamo. Migdalia alilijua gereza hilo. Faili la mtu likishafika kule hulaliwa na mafaili mengine, na hata siku akionekana hana kosa atatoka hana studio wala wateja. Mama yake ana ugonjwa wa moyo. Pengine atatoka hana na mama. Na yote hayo kwa ajili ya pua ya binti wa watu.

"Mfungue pingu, Sajenti," alisema. "Haya, nionyeshe huo umbali wako. Ukianza hotuba nakurudisha garini."

Osniel alisugua vifundo vya mikono, akachukua kamera yake, akaifungia lenzi ya hamsini, ile fupi ya kawaida ambayo kila mtu anayo. Alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti. Wilfredo alikalishwa kwenye kiti cha mabinti, chini ya upinde wa maua ya plastiki, mbele ya pazia lenye maua makubwa mekundu, na hakupenda. Osniel alimsogelea karibu kabisa, akapiga, akawaonyesha kwenye kioo cha kamera. Pua ya Wilfredo ilikuwa imejaa kama viazi vitamu, masikio yamekimbilia nyuma.

"Huyu si mimi," alisema Wilfredo.

"Ni wewe uliyesogelewa," alisema Osniel.

Migdalia aliinama kuitazama ile pua. Sebuleni kwa mama yake ilitundikwa picha yake mwenyewe ya miaka kumi na mitano, pua imetangulia na msichana anafuata nyuma, na kwa miaka yote hiyo aliilaumu pua. Alijikuta amekasirika upya, safari hii kwa mpiga picha ambaye hata jina lake hakulikumbuka.

Osniel akaanza kurudi nyuma. Chumba kilikuwa kifupi, kilikuwa chumba cha kulala kabla hakijawa studio, na upesi alifika mlango wa jikoni. Hakusimama. Aliusukuma mlango kwa kisigino na kuendelea, jicho limegandamana na kamera, mkono mmoja ukipapasa hewa nyuma yake. Jikoni Nereida alikuwa akikaanga viazi vya malanga. Bila kuambiwa na mtu, alitua mwiko, akamshika mwanawe mkanda wa suruali kwa nyuma, akamwongoza taratibu, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa sinki. Osniel alipiga picha. Nereida aliachia mkanda, akarudia malanga yake.

Kwenye picha Wilfredo alionekana mdogo, amezungukwa na fremu ya mlango. Osniel alisema ataikuza kwenye kompyuta ili uso ujaze picha, akawasha kompyuta, na umeme ukakatika. Mtaani mtu aliutukana umeme kwa jina la mama yake. Migdalia alifumba macho, akayafumbua. Osniel akaikuza hivyo hivyo kwenye kioo cha kamera.

Pua ilikuwa imerudi mahali pake. Uso ulikuwa mtulivu, mpana kidogo, wa mtu wa heshima. Wilfredo aliuliza kama anaweza kupata nakala ya kumpelekea mkewe.

"Kwa hiyo kwa lenzi yoyote ile," alisema Migdalia, "mtu akisimama jikoni anapata uso huu."

"Yoyote. Hii ya hamsini ukikuza namna hii picha inachakaa kidogo, lakini uso ni ule ule."

"Na Heriberto anajua?"

"Ndugu Luteni, wote watatu tumesoma kwa mwalimu mmoja. Heriberto anajua kama ninavyojua mimi. Mzee alitutandika vitambaa vya kufutia kamera vichwani mpaka tukajua."

Hilo Migdalia aliliweka pembeni, maana lilikuwa na uzito. Aliuliza atajuaje kwamba picha ya Yanelis ilipigwa kwa hamsini kutoka jikoni, si kwa Mama Mkwe kutoka jikoni. Osniel aliomba apewe picha yenyewe. Akaonyesha jicho la binti: ndani ya mboni kulikuwa na nuru ndogo ya mraba yenye vyuma vya dirisha, na hapakuwa na nuru nyingine yoyote. Jumatano asubuhi mtaa mzima haukuwa na umeme, na Migdalia alilijua hilo kwa sababu alioga gizani. Taa za studio hazikuwaka. Kwa mwanga mchache namna hiyo, Osniel alisema, Mama Mkwe hafanyi kazi mpaka umfungue mdomo wote, ile tundu ya kupitishia mwanga, na akishafunguliwa mdomo wote anayeyusha kila kilicho nyuma ya mtu; hamsini kutoka mbali haiyeyushi.

"Sasa tazama pazia," alisema.

Migdalia aliipeleka picha dirishani. Nyuma ya bega la Yanelis maua mekundu yalikuwa maua. Kila ua lilionyesha kingo zake, na moja lilionyesha hata mahali Nereida alipotia kiraka. Hakuna kilichoyeyuka. Alilitazama pazia lenyewe ukutani, akatazama picha tena.

"Kwa nini hukuniambia haya Jumatano?"

"Nilikuambia. Ukasema nijibu ndiyo au hapana."

Angekuwa na kitu kizito mkononi angekitupa. Badala yake aligeukia jikoni, kwa Nereida, akamuuliza habari za ule mkanda.

"Si lazima ashikwe?" alisema Nereida, akishangaa kuulizwa. "Wote hushikwa, mwanangu. Wakishatia jicho mle hawaoni tena nyuma. Huyu mwaka jana alinikalia sufuria ya maharage. Mama wa binti ndiye hushika, au shangazi, yeyote aliyekuja kusindikiza."

"Na mzee Leovigildo anashikwa na nani?"

"Na mama wa binti," alisema Osniel.

"Na asipokuwa na mteja? Akiwa peke yake anajaribu mambo yake?"

"Hashikwi," alisema Osniel. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alijibu kwa neno moja. Alikaa kwenye kiti cha mabinti, chini ya upinde wa maua, akatazama mikono yake, na Migdalia alimwona akianza kulia kimya kimya.

"Betri yako inaingia kwenye kamera ya mzee?"

"Inaingia."

"Niazime."

"Ina harusi kesho," alisema Osniel kwa mazoea, kisha akakumbuka alipo, akaichomoa na kumpa.

Kamera ya mzee ilikuwa kituoni tangu Jumatano ndani ya mfuko wa ushahidi, betri imekufa. Kila Migdalia alipouliza kama imetazamwa, aliambiwa chaja ipo ila inangoja umeme. Umeme ulipokuja akaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amekwenda kupanga foleni ya kuku. Safari hii hakuuliza. Alimrudisha Osniel mahabusu, akamsukuma karani wa ushahidi pembeni, akasaini alipotakiwa kusaini, akauchukua mfuko. Gari la gereza lilikuwa limeegeshwa uani tayari, dereva wake akilala na miguu nje ya dirisha.

Studio ya Leovigildo ilikuwa ghorofani, chumba kimoja kirefu kidogo kuliko cha Osniel. Upande mmoja kulikuwa na pazia la kijivu. Mbele ya pazia lilisimama sanamu la mshonaji, lisilo na kichwa wala mikono, limevishwa gauni la buluu ya bahari lenye sketi pana mpaka sakafuni. Binti mwenyewe alikuwa aje Jumamosi. Upande wa pili ulikuwa mlango, na nje ya mlango hapakuwa na kibaraza wala sakafu ya kusimama. Kizingiti, halafu ngazi moja kwa moja.

Siku zote mbili walizokwisha kuja hapa, mlango huo Migdalia aliuona kama mlango tu. Zaldívar alikuwa amesimama pale pale, akasema mshambuliaji alikuwa chumbani, mzee ameupa mgongo mlango, akasukumwa. Wote waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza mzee alikuwa akifanya nini mlangoni huku ameuangalia ukuta wa pazia.

Migdalia alitia betri ya Osniel, akawasha kamera, akazitazama picha za mwisho huku Wilfredo akichungulia begani kwake. Zote zilikuwa za gauni la buluu. Katika ya kwanza gauni lilijaa picha na upindo wa chini ulikatwa. Katika iliyofuata liliingia zaidi, lakini upindo bado umekatwa. Ikafuata nyingine, upindo unakaribia. Pazia la kijivu katika picha zote lilikuwa ukungu mtupu, limeyeyuka kabisa. Kisha picha moja nzuri sana, gauni zima kutoka shingo hadi sakafu, na kipande cha fremu ya mlango kimeingia ukingoni kama kivuli.

Picha iliyobaki ilikuwa ya dari, imetikisika, na juu yake ubao wa mlango umelala mshazari.

"Mama yangu," alisema Wilfredo.

"Nani mwingine yumo humo?"

"Hakuna mtu, Luteni. Ni gauni tu."

"Ni gauni tu," alisema Migdalia. "Alikuwa peke yake na Mama Mkwe. Alitaka sketi nzima iingie, akarudi, akarudi, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkanda. Hakusukumwa na mtu yeyote. Siku tatu tunamtafuta aliyemsukuma."

Alijisikia kukasirika na kila mtu kwa pamoja: mzee kwa kutotazama nyuma, Zaldívar kwa kupenda hoja nyepesi, karani kwa ajili ya kuku, na yeye mwenyewe kwa kutaka ndiyo au hapana. Simu ikalia. Alikuwa Zaldívar, akiuliza kama karatasi za uhamisho zimesainiwa. Migdalia alimwambia kwamba mzee aliteleza. Zaldívar akauliza lenzi je, nayo iliteleza? Iliteleza ikaenda wapi? Bila lenzi gari litaondoka kama lilivyopangwa.

Aliichukia sauti yake, lakini swali lilikuwa halali. Mzee aliangushwa na umbali. Lenzi ilichukuliwa na mtu.

Alikaa kwenye kizingiti, kamera mapajani. Mahali lenzi ilipokuwa, mdomo wa kamera ulifunikwa kwa mfuniko mweusi wa plastiki, umebanwa vizuri. Ndivyo ilivyookotwa; iliandikwa hivyo kwenye ripoti ya kwanza na hakuna aliyeijali. Migdalia alisimama ghafla, akarudi ndani. Mezani, kando ya dirisha, kulikuwa na kisahani ambamo mzee aliweka mifuniko yake: ya mbele, ya nyuma, mikubwa, midogo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Mfuniko wa mdomo wa kamera ungekaa pale wakati lenzi imefungwa kwenye kamera.

"Wilfredo. Wewe ni mwizi. Umemkuta mzee chini, umeichomoa lenzi kwenye kamera. Unafanya nini?"

"Nakimbia."

"Hupandi ngazi yote, ukampita mzee anayevuja damu, ukaja hapa kuchagua mfuniko unaofaa, ukashuka nao, ukaifunika kamera mdomo isiingiwe na vumbi?"

"Labda niwe mwendawazimu."

"Au mpiga picha," alisema Migdalia. Na Osniel alikuwa na nuru ya dirisha ndani ya jicho la Yanelis kumshuhudia; alibaki mmoja.

Heriberto Castillejo aliwapokea kwa kahawa. Studio yake ilinukia rangi mpya, na kwenye jukwaa alikuwa ameweka ngazi za mbao zilizopakwa dhahabu ambazo mabinti hushuka kama malkia. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti laini, aliyemwita kila mtu mpenzi wangu. Aliuliza kama ndugu Luteni amechoka, akasema sura yake inaonyesha amechoka, akasema kwa sura kama ile angemweka mbali kidogo na mwanga wa ubavuni.

"Nimechoka sana," alisema Migdalia. "Nimekuja na kamera ya mzee. Nataka uniambie kama imeharibika, maana kituoni hakuna ajuaye."

Kabla ya kubisha hodi alikuwa ameutoa ule mfuniko na kuutia mfukoni. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ushahidi, akaivuta kamera kwa ukanda wake, akaiweka mezani kando ya vikombe, mdomo wazi ukitazama juu.

Uso wa Heriberto ulikunjamana kama wa mtu aliyeona mtoto mchanga amelazwa uchi kwenye baridi. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukauziba mdomo wa kamera kwa kiganja.

"Nani ameutoa mfuniko? Mtaua kamera, wapenzi wangu. Na unyevu huu?"

"Ilikuwa na mfuniko?"

"Si ilikuwa..." Akauondoa mkono.

Migdalia alikunywa kahawa yake. Ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimuudhi. "Endelea. Ilikuwa imefunikwa. Aliyeiokota aliona, mimi niliona, Sajenti aliona. Tangu hapo imekaa mfukoni, mfuko kabatini. Wewe uliuona lini?"

Heriberto alitazama mlango. Wilfredo alikuwa ameujaza.

"Zaldívar atanipigia tena sasa hivi," alisema Migdalia. "Gari linamngoja Osniel. Lenzi iko wapi?"

Alikuwa tayari kwa uongo, kwa machozi, hata kwa ngumi. Heriberto aliinuka tu, akaenda jikoni, Wilfredo nyuma yake, akarudi amekumbatia kopo kubwa la mchele. Alitia mkono mpaka kiwiko na kutoa kitu kilichozungushiwa soksi safi ya mtoto. Hivyo ndivyo wote watatu walivyoitunza msimu wa mvua, ndani ya mchele, ili kuvu isiote kwenye kioo. Aliifungua soksi. Mama Mkwe alikuwa mzima, anang'aa, punje moja ya mchele imenasa kwenye shingo.

Migdalia alipiga simu kituoni kabla hajamwambia lolote. Ofisa wa zamu alisema gari limekwisha kuwashwa. Alimwambia alizime. Ofisa alisema anahitaji idhini. Migdalia alimwambia idhini ni yeye, na kwamba asiposikia mlango wa gari ukifunguliwa kupitia simu hii hii, atakuja kuufungua mwenyewe na kumweka yeye ndani. Alingoja. Alisikia mlango, kisha sauti ya Osniel ikiuliza kuna nini tena. Baada ya hapo ndipo alipomtumia Zaldívar ujumbe mfupi, wenye neno moja: ipo.

Heriberto alikuwa amekaa kwenye ngazi za dhahabu. Alieleza bila kulazimishwa, kwa ile sauti yake laini. Jumatano alikwenda kwa mzee kujiombea zamu, wale wawili wakigombana pengine angepata yeye. Akamkuta chini. Aliona kwamba polisi wakija wataichukua lenzi iwe ushahidi, wataitupa kwenye kabati lenye unyevu, bila mchele, na itaoza kabla ya kesi. Basi akafikiri aipeleke kwanza nyumbani mahali salama, halafu arudi amwite mtu. Mchele ulipokuwa umeifunika vizuri akasikia watu mtaani wanasema mzee amekwisha okotwa. Akaona hakuna haja tena.

Daktari alikuwa amemwambia Migdalia kwamba kilichomwumiza mzee zaidi si kuanguka. Ni kulala pale bila msaada.

"Na Osniel?" aliuliza. "Ulikuja kituoni kwa miguu yako mwenyewe na ile picha. Ulijua pua haisemi kitu. Kwa nini?"

Heriberto alipangusa punje za mchele kwenye kiwiko. "Zamu iliyofuata ilikuwa yake."

Wilfredo alisema neno ambalo sajenti hasemi mbele ya luteni, na Migdalia hakumkaripia. Alichukua lenzi, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi bila soksi. Heriberto aliufuata mfuko kwa macho.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na halikuwa la faili. Aliliuliza akiwa amesimama.

"Ulipomkuta, alikuwa na fahamu?"

"Alikuwa nazo. Macho wazi. Alinijua."

"Alisema kitu?"

"Aliuliza kama amevunjika."

Migdalia aliketi tena. "Aliuliza kama yeye amevunjika."

"Hapana, mpenzi wangu," alisema Heriberto kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Mama Mkwe. Nilimtoa kwenye kamera, nikamfuta kwa shati langu, nikamwinua kwenye mwanga wa mlango, nikamtazama mbele na nyuma. Nikamwambia mzee hana hata mkwaruzo." Alitabasamu kidogo, machozi yamemjaa. "Akafurahi, Luteni. Nakuapia alifurahi. Akanishika mkono, akafumba macho."

Migdalia aliinuka. Akamwashiria Wilfredo alete pingu.